Maswali ya Wasomaji: Hisabati ya Bao na Mradi wa Utafiti wa Mwanafunzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Mwaka huu tunatakiwa kufanya mradi wa utafiti wa kujitegemea, na kila mmoja ajitafutie mada. Nimekulia Magomeni, katika nyumba ambayo barazani pake bao halikosekani kuanzia alasiri, na babu yangu ni fundi wa mchezo huo. Kwa hiyo nilipendekeza mada "Hisabati ya Bao la Kiswahili". Msimamizi wangu alisoma ukurasa wangu, akanirudishia akiwa ameandika maneno matatu kwa kalamu nyekundu: "Swali liko wapi?" Wenzangu wamechukua mada za modeli za kuenea kwa magonjwa na wanaonekana kusonga mbele. Mimi nina wasiwasi wa mambo mawili. Sielewi utafiti wa hisabati hufanywaje ikiwa kila kilichomo vitabuni kimekwisha kuthibitishwa, na tena nahofia mada yangu itaonekana ya kitoto. Je, nibadili mada?
Mjukuu wa Fundi, Magomeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibadili mada, badili ukubwa wake. Msimamizi wako hakukukataza. Amekuonyesha, kwa ubahili wa maneno ambao walimu wa hisabati tumeuzoea mno, kwamba ulichompelekea ni jina la eneo, na eneo peke yake halina jibu. Swali la utafiti katika fani yetu ni lile ambalo jibu lake litakuwa kauli inayoweza kuwa kweli au si kweli, na ambalo mtu anaweza kuanza kulijaribu leo jioni kwa mikono yake. "Hisabati ya Bao" haijaribiki. Tuone kama tunaweza kuipunguza hadi ijaribike, nami nitafanya hivyo hapa kwa kirefu, kwa sababu nikikueleza kwa maneno matupu utaitikia kwa kichwa na kesho utabaki palepale.

Bao la Kiswahili, kama unavyojua kuliko mimi, lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kuna namua na mtaji, yaani hatua mbili za mchezo, kuna nyumba, yaani shimo lenye sheria zake, kuna vichwa na vimbi, yaani mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, kuna kula, yaani kuchukua kete za mpinzani, na kutakata, yaani kusambaza bila kula. Ukitaka kuyashika yote hayo kwa mkupuo mmoja katika mradi wa mwaka mmoja utazama. Kwa hiyo mwondoe mpinzani, ondoa kula, na uondoe nyumba. Babu yako atakuambia kilichobaki si bao, na atakuwa na haki, lakini wewe huchezi, unatafiti. Kilichobaki ni safu mbili za mchezaji mmoja, ambazo kwa hakika ni duara la mashimo 16, na sheria moja: unachota kete zote za shimo moja, unazisambaza moja moja kuelekea upande mmoja, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota zote za shimo hilo na kuendelea, ikiangukia shimo tupu, umelala.

Sasa usiseme 16. Sema mashimo n, na kila shimo lianze na kete k. Papo hapo swali limejitokeza: ukianza katika shimo lolote, utachota mara ngapi kabla ya kulala?

Anza na kilicho chepesi, yaani kete moja kila shimo. Yape mashimo namba kuanzia 0, maana sisi watu wa hisabati tuna tabia ya kuanza kuhesabu pasipo na kitu. Unachota kete ya shimo 0, inaangukia shimo 1 ambalo sasa lina kete mbili. Unazichota, zinafika mashimo 2 na 3. Unachota mbili za shimo 3, zinafika 4 na 5. Na safari inaendelea hivyo kwa mbili mbili. Idadi ya mashimo ikiwa witiri, kete ya mwisho itarudi shimo 0 ambalo ni tupu. Ikiwa shufwa, itaruka hadi shimo 1, nalo ni tupu pia. Umelala. Hilo ni jambo dogo, lakini angalia limefanyika nini: umetoa kauli juu ya mashimo ya idadi yoyote, hata milioni, na umeithibitisha bila kuhesabu milioni.

Kete mbili kila shimo zina utamu zaidi. Nimekaa na kokoto mezani nikahesabu michoto, nikiita mchoto mmoja kila tendo la kuchota na kusambaza. Kwa mashimo 3, 4 na 5 nimepata michoto 2, 3 na 2. Kwa mashimo 6, 7 na 8 nimepata 3, 4 na 3. Kwa 9, 10 na 11 nimepata 4, 5 na 4. Mtu yeyote mwenye jicho ataona kwamba mambo yanakwenda kwa tatu tatu, na kwamba idadi ya katikati katika kila kundi ina mchoto mmoja wa ziada. Lakini kuona si kuthibitisha, na hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini mapema mno. Jiulize kwa nini. Baada ya mchoto wa kwanza kila shimo unalofikia lina kete tatu, kwa hiyo unaangukia shimo 2, kisha 5, kisha 8, na kuendelea, ukiacha nyuma yako mashimo matupu katika namba hizohizo. Ukigawanya n kwa tatu na baki ikiwa 2, unaangukia shimo 0, ulilolichota mwanzo, na unalala. Baki ikiwa 0, unaangukia shimo 2, nalo ni tupu. Baki ikiwa 1, unaangukia shimo 1, ambalo si tupu. Sasa lina kete nne, unazichota, na ya nne inaishia shimo 5 ulilokwisha kulimaliza, isipokuwa pale penye mashimo manne tu, ambapo inaishia shimo hilohilo ulilolichota punde. Huo ndio ule mchoto wa ziada. Kwa mashimo 16 na kete mbili kila shimo, yaani mpangilio wa kuanzia wa bao la kujifunza, utachota mara 7 na kulala, na hilo unaweza kumwonyesha babu barazani bila kumtajia n wala k.

Umeniuliza utafiti hufanywaje ikiwa kila kitu kimekwisha kuthibitishwa. Ndivyo hivi: mfano mdogo, jedwali, dhanio, yaani kauli unayoiamini lakini hujaithibitisha, halafu kuhangaika na "kwa nini" hadi ifunguke au ivunjike. Vitabu vya kiada vinakuonyesha nyumba iliyokwisha kupakwa chokaa, na mafundi wameondoa jukwaa lao; ndiyo maana unadhani hapakuwahi kuwa na vumbi.

Baada ya hapo maswali huja yenyewe. Kwa mfano, je, mwendo unaweza kukosa kulala kabisa? Chukua mashimo mawili tu, moja lina kete 3 na jingine 1. Chota zile 3: moja inakwenda shimo la pili, moja inarudi la kwanza, ya tatu inaangukia la pili, ambalo sasa lina 3. Zichote nazo, na utajikuta umerudi kwenye 3 na 1 kama ulivyoanza. Utaendelea hivyo hadi adhana ya alfajiri na hutalala. Lakini ukianza na kete 2 na 2 katika mashimo hayohayo, unalala baada ya mchoto mmoja. Basi dhanio linajitunga: ukianza na kete zilizo sawa katika mashimo yote, utalala daima.

Dhanio hilo ni kweli, na uthibitisho wake nakupa kwa sababu ni mzuri na kwa sababu nataka uone mbinu. Kila mchoto unaweza kurudishwa nyuma bila kubahatisha: simama kwenye shimo ilipoangukia kete ya mwisho, rudi nyuma ukiokota kete moja moja hadi ufike shimo tupu, kisha weka humo zote ulizookota. Hali zote zinazowezekana, yaani mpangilio wa kete pamoja na shimo ulilosimama, zina idadi yenye kikomo. Na kila hali ina moja tu inayoifuata na moja tu inayoitangulia. Kwa hiyo, tukijifanya tunaendelea kuchota hata baada ya kulala, lazima tuzunguke na kurudi tulikoanzia. Sasa irudishe nyuma ile hali ya usawa. Utaokota kete zote za duara na kuzirundika katika shimo moja. Irudishe tena hatua moja: utaokota kete moja kutoka kwenye rundo na kuiweka katika shimo tupu lililo nyuma yake. Kusimama kwenye shimo lenye kete moja pekee ndiko kulala kwenyewe. Basi mzunguko wowote unaopita kwenye usawa hupita pia mahali pa kulala, na mwendo ulioanza kwa usawa hauna pa kukimbilia.

Nimekupa k ya 1 na ya 2. Kete 3 kila shimo sikupi. Sikupi pia orodha ya mianzo isiyo sawa ambayo hailali kwa mashimo matatu, manne na matano, wala swali la nini hutokea mchezaji akiruhusiwa kugeuza upande. Mpelekee msimamizi wako mojawapo ya hayo, likiwa limeandikwa kwa sentensi moja, na jedwali lako la mkono limebandikwa chini yake. Hataandika tena kwa kalamu nyekundu, au akiandika ataandika kitu kirefu zaidi.

Kabla ya hapo, hata hivyo, tafuta waliotangulia. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu ya udaktari juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar mwaka 1995, na watu wa akili bandia wamekwisha kuandika programu zinazocheza bao. Nilipokuwa kijana nilitumia likizo ndefu nzima nikithibitisha jambo juu ya namba kamili, nikalinakili kwa mwandiko safi, nikalipeleka kwa mwalimu wangu. Akafungua droo, akatoa kitabu kilichochakaa, akanionyesha uthibitisho wangu katika mistari sita. Sikufa, lakini chakula cha mchana siku ile kilinishinda. Mfululizo kama ule wa 2, 3, 2, 3, 4, 3, 4, 5, 4 unaweza kuuandika katika ensaiklopedia ya mifululizo ya namba kamili iliyoanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964, ambayo sasa iko kwenye intaneti kwa kifupisho OEIS, nayo itakuambia kama kuna aliyewahi kukutana nao na wapi.

Kompyuta itumie, ila si siku ya kwanza. Programu fupi ya Python itakupa majedwali ya maelfu ya mashimo kabla chai haijapoa, lakini mkono uliosambaza kete wenyewe ndio unaohisi zile tatu tatu. Weka daftari moja, andika tarehe kila ukikaa, na usichane ukurasa wenye makosa. Na neno "kujitegemea" lisikudanganye ukakaa peke yako miezi mitatu kwa aibu ya kutokuwa na cha kuonyesha. Maana yake ni kwamba swali ni lako na uthibitisho ni wako. Kumwona msimamizi kila wiki mbili, hata ukiwa na nusu ukurasa, hakupunguzi chochote. Kuandika ripoti nako kutakula muda mwingi kuliko unavyokisia, hasa kama hujazoea LaTeX, yaani programu ya kupangia maandishi ya hisabati, basi jifunze mapema kwa kuandikia hayahaya madogo.

Kuhusu utoto wa mada, wanahisabati Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua mwaka 1654 walikuwa wakijadili jinsi ya kugawana fedha za kamari iliyokatizwa katikati, na barua hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa chimbuko la hisabati ya uwezekano. Wenzako wa modeli za magonjwa wanafanya kazi nzuri, lakini waulize kwa faragha ni wangapi kati yao walioichagua milinganyo yao wenyewe.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha hisabati katika shule ya sekondari huko Mbagala, nina shahada ya kwanza, na sina mpango wa kurudi chuoni hivi karibuni kwa sababu ya majukumu ya familia. Napenda kuendelea kusoma na pengine kuandika kitu changu mwenyewe. Tatizo ni kwamba kila makala ninayoifungua kwenye simu inadai malipo ya dola. Je, mtu aliye nje ya chuo ana nafasi yoyote?
Mwalimu wa Zamu, Mbagala

JIBU: Anayo, na katika hisabati anayo kubwa kuliko katika fani nyingi, kwa kuwa hatuhitaji maabara. Watafiti wengi wa hisabati huweka nakala ya makala zao katika hifadhi iitwayo arXiv, iliyoanzishwa mwaka 1991, ambako mtu yeyote husoma bure. Kwa hiyo ukikutana na ukurasa unaodai dola, nakili kichwa cha makala na ukitafute huko kwanza. Mukhtasari na mapitio ya makala utayapata katika hifadhidata ya zbMATH Open, ambayo ni bure kwa wote tangu mwaka 2021. Tahadhari moja: arXiv haihakiki uthibitisho kama jarida linavyofanya, hivyo soma ukiwa na penseli.

Upatapo Jumamosi yenye nafasi, panda gari hadi Mlimani uulizie katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utaratibu wa wasomaji wa nje. Ulizia pia shughuli za Chama cha Hisabati Tanzania, ambacho walimu wa sekondari na wahadhiri hukutana ndani yake. Nafasi ya kukaa meza moja na mtu anayelijua eneo lako ina thamani kuliko makala ishirini.

Nawe una kitu ambacho wahadhiri wengi hawana, yaani wanafunzi arobaini au zaidi wanaouliza wasichotakiwa kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa barafu tamu ulioingizwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni, naye badala ya kucheka akalipeleka maabara. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969. Hiyo ni fizikia, najua, lakini mtoto wa kidato cha pili atakayekuuliza kwa nini kugawanya kwa 7 kunatoa desimali zinazojirudia kila baada ya tarakimu sita, na kwa 13 pia sita, ilhali kwa 17 ni kumi na sita, amekupa mradi wa mwaka mzima. Usimwambie haliko kwenye mtaala.

SWALI: Mimi si mtu wa hisabati, ni mzazi. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho na amekuwa akifanya mradi wake juu ya namba tasa kwa miezi saba. Wiki iliyopita alirudi nyumbani akilia, akasema kompyuta imempatia namba moja inayoonyesha kwamba jambo alilokuwa akilithibitisha si kweli. Anataka kuomba kuahirisha masomo. Je, mradi wake umekufa?
Mama Mkubwa wa Nyumba, Kigamboni

JIBU: Haujafa, dada yangu, na mpe pole kwa niaba yangu kwa sababu kilio hicho nakijua. Namba aliyoipata inaitwa mfano kinzani, na katika hisabati mfano kinzani mmoja ni matokeo kamili: unafunga mjadala kwa namna ambayo mifano milioni inayokubaliana haiwezi. Mwaka 1919 mwanahisabati George Pólya alidhani kwamba, ukihesabu hadi namba yoyote utakayo iliyozidi 1, angalau nusu ya namba ulizozipita zina idadi witiri ya vigawo tasa, kigawo kinachojirudia kikihesabiwa kila kinapojirudia. Watu walihesabu na kuhesabu, na ilikubali kila mara. Mwaka 1958 Brian Haselgrove alithibitisha kwamba lazima mahali fulani inavunjika, na mwaka 1980 Minoru Tanaka akaipata namba ndogo kabisa inayoivunja, nayo ni 906,150,257. Hakuna aliyesema Pólya alikuwa mjinga, na dhanio lake bado linaitwa kwa jina lake.

Binti asiombe kuahirisha. Kwanza ahakikishe kwa mkono kwamba kompyuta haikukosea, maana programu nayo huwa na makosa yake. Kisha aangalie ni hatua ipi ya uthibitisho wake iliyoiruhusu namba hiyo kupenya, kwa kuwa hapo ndipo atakapoona ni sharti gani lilikosekana, na mara nyingi sharti likiongezwa kauli husimama upya. Miezi saba ya kazi inabaki yote isipokuwa mstari mmoja. Namba yenyewe aiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, asiifiche kwenye kiambatisho, na msimamizi apigiwe simu kesho asubuhi kabla hajaisikia kwa mtu mwingine.